Mama Niliyemkuta Akipalilia Ng'ambo ya Mpaka

Vijana mtakaosoma haya, Mungu aliyenishika mkono asifiwe kwanza, ndipo mnisikilize. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini shamba nalijua. Wengi wenu siku hizi mnataka ardhi katika nchi za watu, na bei mnapatana kwa simu. Na mimi nilifanya hivyo, bibi mzima, tena nimeokoka.

Nakaa Susuni, upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Mume wangu alipofariki, wanangu waligawana shamba mpaka likawa vipande vya kufungia mbuzi. Wa mwisho, Mwita, hakupata hata pa kujenga. Zizini nilikuwa na ng'ombe wa mahari ya dada yake. Nikalia mbele za Mungu, nikasema, Baba, hawa ng'ombe wageuze wawe ardhi kabla sijafa.

Ndipo tukasikia habari za Marwa wa upande wa Kenya, mtu wa ukoo wetu, kwamba anauza shamba. Nikamwuliza Mwita kama tutafute dalali wa kule.

"Mama, dalali wa nini?" akasema. "Tumpe ng'ombe mzima kwa kututambulisha kwa ndugu yetu?"

Nikacheka, nikakubali. Ndugu zangu, hapo ndipo sisi Wakurya tunapoangukia. Mtu akitusalimia kwa lugha yetu tunasahau kwamba nchi ni mbili. Ng'ombe anavuka, bibi harusi anavuka, tunadhani na hati ya shamba inavuka hivyo hivyo. Nikampa Marwa ofa yangu kwa simu: ng'ombe wote wa zizini. Akakubali upesi. Akasema twende siku ya soko la kwao tulione, kisha aje kuchukua mifugo.

Siku hiyo ng'ombe wangu mmoja akashikwa na uchungu, ndama amekaa vibaya tumboni. Tulihangaika naye mpaka jua likawa kali. Ndama alitoka mzima, lakini safari ilikufa. Nilimnung'unikia Mungu sana. Kumbe alikuwa ananifungia njia.

Kesho yake tukaenda bila kumwambia Marwa, tukiulizia njia kwa watu. Shambani tukamkuta mama wa rika langu, anapalilia mahindi peke yake. Alipoona tunazungusha macho mipakani mwa shamba, akaegemea jembe.

"Mmepotelewa na ng'ombe?" akauliza kwa Kikurya.

"Hapana, mama. Tunaangalia shamba," Mwita akajibu.

"Basi liangalieni kwa mikono. Majembe yako pale."

Nikashika jembe. Huwezi kusimama tu ukimtazama mama mwenzako anapalilia. Tulipofika mwisho wa mstari akanionyesha kaburi lililong'olewa magugu vizuri. "Huyu ni mzee wangu. Na mimi nitalala hapa kando yake."

Nikamwuliza, "Na Marwa?"

"Huyo mwanangu? Mimi nina shamba. Marwa ana simu."

Nikaliweka jembe chini. Tulikuwa tunakunywa uji wake wa mtama Marwa alipotokea. Alituona, akasimama.

Nikamwambia, "Mwanangu, ile ofa niliyokupa, irudie hapa mama yako aisikie."

"Tuongee kando, mama."

"Kando ni wapi? Shamba si hili?"

Mama yake akamtazama, akanitazama na mimi, akaelewa. Alikwenda tu akaketi kando ya lile kaburi. Ndugu zangu, nilijiona mimi mwenyewe pale, nimeuzwa pamoja na shamba nikiwa hai. Nikaketi naye, nikamwambia neno langu nimelirudisha, ng'ombe wangu hawatavuka.

Tukapita kwa chifu wa pale. Akatueleza kwamba sheria ya kwao haimwandikishi mgeni shamba la kilimo, hata akiongea Kikurya kama cha kwao. Kwa hiyo ng'ombe wangeondoka, mimi nisipate hata shimo la nguzo, na mama yule afukuzwe bure. Mungu alituokoa sisi wawili kwa ndama mmoja, maana siku ya soko mama yule angekuwa sokoni, nasi tungelikuta shamba halina mtu.

Mwita bado hana shamba lake. Tumemkodia shamba kule Nyambureti, huku huku Tanzania, kwa mume na mke waliokaa wote mbele yetu tulipopatana. Tunakula, tunamshukuru Mungu. Wewe unayehangaikia ardhi, mkabidhi Yesu hiyo haja. Akikuchelewesha, usinung'unike kama mimi. Mtegemee, ukae na ng'ombe wako.

Siku ile tuliporudi niliwaita wanangu na wake zao uani, nikawaamuru: "Katika boma hili hakuna atakayetaja bei ya shamba la mtu, la huku au la ng'ambo, kabla hajashika jembe na kupalilia mstari mmoja na mama anayelilima."