Fahali wa Nundu Kubwa

Ndani ya treni, mfugaji alikuwa akimlalamikia bwana mifugo aliyekutana naye hapohapo. "Mitamba wangu wanane tasa watupu. Nimewachinja wote."

"Na fahali, ulimpima mbegu?"

"Nimpime kwa lipi? Nundu kama kilima, babu yake mtupu."

"Ndiyo shida hiyo, mzee. Vizazi vinne mnachagua nundu, mbegu hakuna anayeziangalia. Baba anamrithisha mwana nundu, anamrithisha na upungufu. Kupanda anapanda, kuzalisha ni kazi nyingine."

Mke wa mfugaji, aliyenyweshwa mizizi ya uzazi miaka saba, akafunga dirisha asikie vizuri. "Kipimo hicho," akauliza, "kinachukua muda gani?"

Treni ikaanza kufunga breki. Mumewe alikuwa ameshasimama, anatafuta mzigo ambao hawakuubeba.