Mama Matone Anakabidhi Zamu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya wagonjwa mahututi anastaafu. Jina lake kamili lipo kwenye vyeti. Sisi tunamwita Mama Matone.

Jina hilo alilipata kwa kuinama. Sisi wengine tukiingia zamu tuliikodolea macho skrini ya mashine ya kupumulia; yeye alianzia chini ya kitanda, kwenye mfuko wa mkojo, apime kilichoingia saa hiyo. Madaktari wapya walimcheka chinichini mpaka awape darasa: mashine ikisukuma hewa kwa nguvu, kifua hujaa, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na figo hukosa damu yao, mkojo ukakatika. Mashine ina kengele, alisema, figo hazina. Daktari bingwa mmoja alipigishwa magoti akiwa ndani ya suti yake kabla ya kuruhusiwa kugusa kitufe.

Darasa hilo lilianzia wapi, wachache wanajua. Miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo wake Mama Matone, kitindamimba wa kwao, alilazwa kwetu, mapafu yamechoka kabisa. Mama Matone aliambiwa avue sare, akae kama dada wa mgonjwa, naye akatii. Zamu ilikuwa yangu. Oksijeni ilishuka, tukaongeza nguvu ya mashine, namba zikapanda, tukapongezana. Yeye alikuwa ng'ambo ya kitanda, amemshika mdogo wake mkono. Mfuko ulining'inia upande wangu. Saa zilipita bila kuingia kitu, na mimi sikuinama. Figo zilikufa. Siku ya tano tukampoteza.

Aliporudi kazini baada ya mazishi, nilijua atanimaliza. Alinikabidhi chombo cha kupimia, akanionyesha pa kuinama, basi. Jambo hilo hakuligusia tena. Mimi nimelibeba miaka yote hii.

Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kuliandika katika maneno haya ya kumuaga. Akasema niandike yote: kwamba saa zile bila mkojo zilikuwa sita, na kwamba hata yeye hakuinama. Nilidhani mzigo ule ni wangu peke yangu. Nililia mbele yake, sioni haya kusema.

Dada yetu, asante. Tunakuombea mapumziko marefu yenye usingizi mzuri, na hizo saa sita uziache hapa kwetu. Kitanda cha tatu, leo asubuhi: mfukoni mililita arobaini kwa saa moja, figo ziko hai. Tumeinama wote.