Lokosang Anatoka Mwenyewe

Baada ya miaka kumi na minane ya kusimamia upakiaji wa matishari katika Bandari ya Juba, Mzee Gaetano Lokosang anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi mnamjua kwa filimbi yake na chai ya rangi isiyokauka mkononi. Mimi Ketty, karani wa masjala, nataka mumjue pia kwa kriketi.

Alizaliwa Rejaf, akakulia ukimbizini Nairobi, akawa Msudani Kusini wa kwanza kuchezea timu ya taifa ya Kenya. Mikono yake haikuangusha mpira. Hata leo gunia la vitunguu likipasuka, hudaka viwili kwa mkono mmoja na chai haimwagiki. Nyaboth wa kantini ni shahidi.

Kuna mechi moja, Kenya ilibakiza mbio nne ishinde. Mpira ukaparuza gongo lake kidogo tu, ukadakwa. Kwa sheria, hapo mpigaji ametoka. Ila mwamuzi hakusikia kitu, akamwacha aendelee. Lokosang akatia gongo kwapani, akajitoa mwenyewe. Kenya ikashindwa, na wapo waliosema mkimbizi kauza mechi. Aliachwa nje ya timu mwaka mzima. Aliporudishwa alicheza miaka sita zaidi, wa mwisho akiwa nahodha.

Sasa sikieni. Kwa kanuni zetu mtu hustaafu akifika sitini. Mwezi wa tatu nilifungua faili lake nikakuta karatasi za ukimbizi zinampa hamsini na minane, kazaliwa Januari mosi, kama walivyoandikiwa wakimbizi wengi. Nikamkimbilia kwa furaha kumwambia bado ana miaka miwili nasi. Akacheka, akaenda zake. Jumatatu akaniwekea mezani cheti chake cha ubatizo, kinachosema anatimiza sitini Juni hii. Hakuna aliyekuwa amemwuliza! Nilikasirika, sifichi. Nikamsihi akirudishe sandukuni, maana kazi hii anaipenda kuliko usingizi. Akanijibu kwa upole, “Binti yangu, mpira umenigusa. Natoka.”

Basi, mzee wetu, asante kwa yote. Mihogo yako ya Rejaf istawi, magoti yapumzike, na wajukuu wajifunze kudaka. Tarehe 30 saa kumi jioni tutajipanga mistari miwili kutoka gatini hadi getini, tukupigie makofi mpaka uvuke. Siku ile ya mechi ulitoka peke yako, uwanja mzima kimya. Safari hii hutatoka kimya.