Kinanda, Aliyeimba Sauti ya Pili

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Kinanda mpaka tukalisahau jina lililo kwenye cheti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1973, mtoto wa tatu wa baba fundi cherehani na mama muuza maziwa. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia kama wenzake. Alianzia chini, akapanda taratibu, akang'ang'ania hapo hapo hadi apewe anachotaka. Baba akamwita Kinanda, na jina likamganda kama ruba.

Mwaka 1980 alianza darasa la kwanza katika shule iliyopakana na kiwanda cha sabuni, na mwaka 1991 akamaliza kidato cha nne. Akiwa darasa la tano alikalishwa dawati moja na msichana mwenzake mwembamba mwenye sauti kali, ambaye walimu waliochoshwa naye walimwita Zumari. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Zumari aliimba juu, Kinanda akamshika kwa chini. Mwalimu wa kwaya aliwahi kuwabadilishia sauti, akasikiliza ubeti mmoja, akawaomba radhi na kuwarudisha walipokuwa.

Mwaka 1995 wawili hao walirekodi wimbo wa "Dirisha la Juu" katika studio ya chumba kimoja iliyokuwa juu ya duka la magodoro. Miaka ile haikuwa na uhaba wa vibao vikali, lakini huu ulipigwa kwa vinyozi, harusini na kwenye kila duka la kanda. Tuliurudisha nyuma kwa kuzungusha kalamu ili tusimalize betri. Waliooana mwaka ule wakijifanya leo hawaujui, waangalie tu kanda zao za harusi.

Mwaka 1997 bendi moja ya nchi jirani iliwaita wote wawili. Mwezi huo huo mama akapatwa na kiharusi, na aliyebaki nyumbani wa kumgeuza kitandani alikuwa Kinanda. Alimsindikiza mwenzake kituo cha basi, akamkabidhi begi dirishani, akamwambia, "Tangulia, nakuja." Barua za mwanzo alizijibu vivyo hivyo, kwamba anakuja. Kisha aibu ya kuahidi asichoweza ikamzidi, akaacha kuandika.

Aliajiriwa mwaka 1998 kuwa mpokea simu wa hospitali, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa. Akisema "Subiri nikuunganishe," hata mwenye hasira alisubiri. Sauti hiyo ndiyo iliyomnasa dereva wa lori la maziwa, ambaye alianza kupiga simu kila asubuhi, leo akitaka wodi ya mifupa, kesho ya macho. Siku alipotaka wodi ya wazazi, Kinanda alimuuliza, "Na huko, kaka, unaumwa nini?" Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1999, wakajaliwa binti wawili na mvulana mmoja.

Watoto hao walibembelezwa kwa "Dirisha la Juu," ila kwa sauti ya pili peke yake. Binti mkubwa aliuimba hivyo shuleni, wenzake wakamcheka kwamba haujui, akarudi nyumbani analia. Mama yake alimfuta machozi akamwambia, "Unaujua vizuri, mwanangu. Ile ya juu siyo yangu. Ina mwenyewe." Harusini ilikuwa vile vile. Wakimbembeleza aimbe, aliimba sehemu yake tu, na wageni wakamjazia ya kwanza kwa furaha, wakidhani ni madoido.

Mwaka 2008 Zumari aliurekodi upya na mwimbaji mwingine. Mdogo wake Kinanda alikuwa amempelekea chakula kazini pale redio ilipoupiga. Kinanda alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu dada anapanda mapema mno," akarudi kwenye simu zake. Tulicheka sana tuliposimuliwa. Lakini chakula kile kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda, na kwa siku nyingi hakutaka redio iwashwe. Alikuwa na wivu, na zaidi ya wivu alikuwa amemkumbuka mwenzake.

Mwishoni mwa 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Ulikuwa uvimbe kooni, na mwezi Juni 2022 alipofanyiwa upasuaji, uvimbe ulitoka na sauti ikaenda nao. Aliyapokea hayo kwa moyo mkubwa, isipokuwa jambo moja, ambalo alimwandikia mumewe kwenye simu: "Sasa hata akija, sitaweza."

Mumewe hakuomba ruhusa ya mtu. Aliuliza kwa wanamuziki, kwa madereva wenzake, kwa yeyote aliyevuka mpaka, mpaka akampata Zumari, naye akafika wodini Novemba 2023. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kisha akasema, "Nilikusubiri, dada. Ulisema unakuja."

Kinanda alimshika mkono. Kwa mkono wa pili alimwonyesha watoto wake waliojipanga ukutani, mmoja baada ya mwingine, akamalizia na mumewe aliyesimama mlangoni na chupa ya chai. Zumari aliwatazama wote, akacheka huku machozi yakimtoka. "Haya, nimeona," alisema. "Ulikuwa na kazi."

Hakuondoka tena. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, kaka mmoja, dada mmoja, mdogo wake mmoja wa kike, na Zumari.

Kabla ya kushusha jeneza, Zumari ataimba "Dirisha la Juu." Ataimba sauti yake peke yake, na kila inapofika zamu ya sauti ya pili atanyamaza. Anaomba asijaziwe na mtu. Watoto wa marehemu wamekubali, ingawa hiyo ya pili ndiyo sehemu pekee wanayoijua.

Nenda salama, Kinanda. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani.