Uzi Mwekundu wa Gobore la Babu

Chloé, Gaël, tulieni msikie. Baba yenu ndiye atakayewasomea, maana Kiswahili mnakielewa lakini mkikiona kwenye karatasi mnakimbilia Kizulu. Firmin, soma yote, usiruke, hata ukifika pale pa kukukasirisha.

Sasa ni saa nne asubuhi, saa nane watanifungua kifua wabadilishe valvu ya moyo. Daktari kasema wengi huamka. Mimi nimesikia wengi, sikusikia wote. Naogopa, wanangu, na wosia najua ni kazi ya wazee, mimi nina miaka thelathini na miwili tu, lakini babu yenu François ameshakufa na la kusema limebaki kwangu, nikiondoka nalo limekwisha.

Vitenge vyangu ni vya Chloé. Biblia na redio ni vya Gaël, asiifungue redio kuangalia ndani. Lenye maneno ni gobore la babu, lile lililo kwenye sanduku la chuma chumbani kwetu Berea, hapa Johannesburg, bunduki ya zamani ya kujaziwa mdomoni.

Hilo ni la pili, tulilichagua pamoja, mimi na babu yenu, dukani, na wakati huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki vidole viwili na jicho la upande huo halioni, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshikia kila bunduki aliyoitaka. Akaniambia, usidanganywe na kitako kinachong'aa. Mulika tochi ndani ya mtutu, ukiona kutu au vishimo, rudisha. Fumba macho, lipandishe begani, fumbua, kama shabaha, ile alama ya kulengea juu ya mtutu, imekaa mbele ya jicho bila wewe kupinda shingo, hilo ni lako. Mtutu mrefu sana utakuchosha, tandala hatoki kichakani kwa sababu wewe umechoka. Na ukilifikisha porini, anza na baruti kidogo, kipimo kilekile, risasi ileile, kitambaa kilekile chenye mafuta, piga tatu kwa hatua hamsini ndipo uguse shabaha, usiiguse kwa kosa moja. Baruti ni nyeusi tu, hii ya kisasa inapasua chuma. Risasi ishindiliwe mpaka ikalie baruti, pasibaki nafasi. Fataki, ile ya kuwashia baruti, ni ya mwisho kabisa, mnyama akiwa mbele yako.

Alikuwa ananifundisha na mimi nalia, akadhani namlilia mkono. Kweli nilikuwa naulilia mkono.

Sikilizeni sasa. Kwetu Kalemie, nyumba yenye gobore ina sheria moja. Ukilijaza ukaliweka bila kulifyatua, unafunga uzi mwekundu kwenye nyundo yake, anayepita ajue ndani mna kitu, na aliyeufunga ndiye anayeufungua, hakuna mwingine. Wasichana hatukuambiwa. Mimi nililetwa Johannesburg nina miaka minne, nikakua nauona ule uzi na sikuuliza. Chloé, wewe uliza kila kitu, hata wakikuita mdomo mrefu.

Miaka sita iliyopita Papa, babu yenu, alikuwa anawatayarishia wageni magobore kwenye shamba la kuwinda kule Limpopo, Tonton Thierry, mjomba wenu, kaka yangu, akimsaidia, na mimi nikaenda msimu ule kuwapikia. Jioni Thierry alirudi bila kufyatua, akaliegemeza gobore ukutani jikoni, akaenda kuoga. Nikauona uzi. Nilikuwa nimeokoka mwaka ule, na mama wa maombi wetu alitufundisha kwamba uzi mwekundu ni agano la giza, ukiukuta kwenu ukate, uuchome. Nikaukata kwa kisu cha vitunguu, nikautia motoni kwa jina la Yesu, nikapika wali nimefurahi, nikijua nimemwokoa baba yangu.

Asubuhi Papa alilichukua kujaribu shabaha. Aliona hakuna uzi. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, alikuwa ameuchonga alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojaa, angeutia tu ungemwambia, lakini hakuutia, alimwamini mwanawe. Akamimina baruti juu ya baruti, risasi juu ya risasi. Mtutu ulipasuka mkononi mwake.

Thierry alipiga magoti kwenye damu ile akasema, "Papa, niliufunga kwa mkono wangu."

Papa akamjibu, "Njia ya mwongo ni fupi. Nenda."

Na mimi nilikuwa pale, nauzungushia mkono wa Papa shati lake. Majivu ya uzi yalikuwa bado kwenye jiko. Hospitali Papa akawa anasema kikulacho ki nguoni mwako, akimaanisha Thierry, na anayembadilishia bendeji ni mimi. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu? Yangu imefika miaka sita. Papa amekufa hajui. Siku ya mazishi Thierry alisimama nje ya geti la makaburi, hakuna aliyemwita aingie, hata wewe Firmin ulimgeuzia mgongo, na sikukulaumu, ulimgeuzia uongo wangu.

Nimekwenda mtaa wa Observatory mara mbili mpaka mlangoni kwa Thierry, nikasikia cherehani yake inalia ndani, nikarudi. Leo asubuhi nimempigia. Akapokea. Nimeuliza habari za baridi, eish, baridi! Nikamtajia upasuaji. Akasema, "Pole dada yangu, nitakuombea." Nikakata.

Wameleta dawa ya kunilegeza, nimeshaimeza, mkono unakuwa mzito, niandike haraka.

Nikiamka nitakwenda mwenyewe, naapa. Nisipoamka, Firmin, nenda na Thierry polisi karatasi za gobore ziandikwe jina lake, yeye ana cheti cha kuruhusiwa bunduki, sisi hatuna. Wanangu wakifikisha umri na wakitaka, awafundishe yeye. Wote wawili, Chloé pia. Siku ya kumkabidhi asifiche mtu uso. Msifunge uzi, mtutu utakuwa mtupu, na uzi haujawahi kusema uongo, ni sisi. Wekeni kibunda kipya cha uzi mwekundu mkononi mwake, basi.

Mungu awape pumzi ndefu kuliko yangu. Awape ulimi mwepesi pale mimi wangu ulipo... ulipokuwa mzito. Pendaneni. Gaël, vaa soksi.

Macho yanajifumba. Chloé, wewe mkubwa, wewe ndiye utakayesema. Kwa Kiswahili, asikie vizuri. Mwambie hivi tu:

Tonton, Mama ndiye aliyeukata. Wewe uliufunga.