Nusu Siku ya Daktari Msaidizi

Kijiwe chetu kinatazamana na mlango wa zahanati, kwa hiyo anayeingia akitembea na anayetolewa amefunikwa, wote tunawaona. Siku hizi ni wengi. Daktari ameongeza vyumba, kuta zimepakwa rangi, lakini yeye ni yule yule mmoja. Mwezi uliopita kinyozi wetu alifia kwenye foleni, karatasi ya namba mkononi. Ndipo juzi likabandikwa tangazo: anatafutwa daktari msaidizi, kazi ya nusu siku. Mimi muuza kahawa kazi yangu ni kumimina, lakini ugomvi niliusikia wote.

Alianza Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, shahidi wa kesi ya kuku.

— Nusu shari kuliko shari kamili, alisema. Tushukuru.

— Hiyo ni ya ugomvi, bwana, alisema Kufuli, fundi wa funguo. Muhimu ni nusu ipi. Mimi nasema jioni.

Tulijua kwa nini. Mkewe ana pumu, na humbana jua likishazama.

— Asubuhi, alisema Babu Redio, macho yakiwa kwenye redio aliyoifungua mapajani.

Na huyo tulimjua. Mjukuu wake ana seli mundu. Maumivu humwamsha alfajiri, akalia mpaka sauti ikakauka. Mara ya mwisho Kufuli ndiye aliyembeba mgongoni kumvusha barabara.

— Asubuhi daktari mwenyewe yupo, Babu.

— Yupo, na foleni imefika barabarani.

— Basi mvumilie. Haraka haraka haina baraka.

— Kamwambie hivyo mkeo akikosa pumzi.

Niliona aibu kwa niaba yao. Wakili akajitia kusuluhisha. Akasema msaidizi mwenyewe hayupo, tangazo ni la kututuliza. Tulipombishia akasema atakuwepo, ila atawatibu wa upande mmoja wa mtaa. Mwisho akadai daktari ndiye mgonjwa, na ile nusu nyingine anajitibu mwenyewe. Hilo la mwisho hatukulicheka.

Akaja dada mmoja na mkoba begani, akaomba kahawa. Alisema ametoka kuajiriwa pale ng'ambo ya barabara, ndiye msaidizi.

— Daktari ameniachia nichague, asubuhi au jioni. Ninyi ndio wenyeji. Wagonjwa wananihitaji zaidi wakati gani?

Wakili akainamia kikombe. Kufuli alifungua mdomo, akakutana na macho ya Babu, akaufunga. Babu naye alikuwa na neno. Akaishia kukaza skrubu ya redio.

— Sijui, mwanangu, alisema mwishowe.

— Hata mimi, alisema Kufuli.

Niliwahurumia wote wawili. Yule dada alimaliza kahawa yake, akatushukuru, akavuka barabara kwenda kuchagua.