Kidoti cha Marehemu Mama

Fundi bomba hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini wanawake wawili waliokaa mbele yake kwenye basi walikuwa wameinamia simu moja wakizozana.

"Shoga, nilikutumia picha uipambe tu kwenye ukurasa wa albamu. Kidoti cha marehemu mama pale shavuni kiko wapi?"

"Nilidhani ni uchafu, nikakifuta. Si amependeza?"

"Amependeza kama nani? Nirudishie ile ya kwanza. Yangu ilipotea na simu yangu ya zamani."

"Ile... nilihifadhi hii juu yake."

Fundi akaguna. Hata mwanafunzi wake hufunga maji kabla ya kung'oa koki; huyu hakuweka hata nakala.

"Usinune, shoga. Si umekirithi? Lete shavu nikipige picha, nikibandike kwenye la mama."

Basi likasimama. Fundi akashuka, aliyefiwa bado amegeuzia dirishani shavu lake lenye kidoti, mbali na simu.